Neno Nitakalolirudisha kwa Maji

Lubumbashi, mtaa wetu wa komini ya Kenya, jioni ya mwisho kabla ya treni

Ngalula mwanangu,

Habari za sabuni, blanketi, unga wa muhogo na samaki wakavu wa Pweto nawaachia mama yako na shangazi zako. Wamezisema tangu asubuhi, na hata sasa nawasikia jikoni wakizianza upya kana kwamba huko Kananga watu hawali. Sina la kuongeza.

Nakuandikia kwa sababu nikizungumza nitashinda. Unanijua. Nikianza taratibu, haipiti muda sauti inapanda, kidole kinapanda, na mtu niliyekuwa nazungumza naye anageuka kuwa upande wa pili. Barua haina ubaya huo. Ukichoka utaikunja, na sitaweza kukufuata kwenye korido nikipiga kelele, "Na jambo lingine!"

Kwenye korido hiyo kuna mfuko wako. Umejazwa tangu juzi, lakini haujafungwa. Kila nikienda kunawa nauruka. Nilimwambia mama yako aufunge, utaingia vumbi. Akanijibu bila kuniangalia: "Utafungwa siku utafungua mudomo yako muzuri." Unajua alichomaanisha, na mimi najua, na treni ni kesho. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Nianze na kosa la zamani zaidi, lile ambalo hukuwahi kunilaumu kwa sauti. Ulipomaliza sekondari ulisema unataka kusoma mawasiliano ya siasa. Nilicheka. Nilikwambia kwamba hapa kwetu kazi hiyo ina jina moja tu, communicateur, yule mtu wa chama anayekaa kwenye televisheni akitukana watu kwa niaba ya mkubwa fulani, na mkubwa akihama chama naye anahama na matusi yake. Nikakupeleka sheria. Sikukuuliza. Nilitaka mwanasheria nyumbani kwa sababu nimebishana na wanasheria maisha yangu yote, na kila mara walinikatia neno kwa kutaja kifungu nisichokijua. Kwa hiyo uliingia darasani kwenda kunilipizia kisasi, nawe hukuambiwa. Ulifaulu miaka yote miwili. Nilidhani kufaulu kwako ni ushahidi kwamba nilichagua vizuri. Mtoto mwenye adabu hufaulu hata mahali asipopapenda, na wazazi wengi hapa tunadanganywa na adabu hiyo.

Ulipoleta habari ya kuhama chuo, ulikuja umejiandaa kuliko wanasheria wote walionishinda. Ulikuwa umeshaandika kwa vyuo viwili, kimoja cha Kinshasa na kimoja cha Kananga. Umeshajua ni masomo yapi ya sheria yatahesabiwa na yapi utayaanza upya. Kinshasa walitaka uanze mwaka wa kwanza kana kwamba hukuwahi kukaa kwenye benchi. Kananga walikubali sehemu kubwa ya ulichosoma. Mtu mwingine angeishia hapo na kuchagua, wewe hukuishia hapo. Uliwauliza wote swali moja: mwanafunzi akiandika hotuba, nani anaisikia kabla haijapewa alama?

Nakumbuka tulikuwa mezani, bukari, yaani ugali wetu, bado ina moshi, mama yako amekaa kati yetu.

"Papa, bale ba Kinshasa habakujibu kiulizo yangu," ulisema. "Balituma paka mafoto tu."

"Mafoto ya nani?"

"Ya baprofesa na baministre."

"Njo vile muntu anayua kama masomo iko ya kweli!"

"Ao kama mupiga-foto iko wa kweli."

Mama yako alicheka hadi akaweka kijiko chini. Mimi sikucheka, na hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba jioni ile ingeharibika. Mtu akishindwa kucheka mzaha mzuri ni kwamba ameshaacha kusikiliza, anatafuta jiwe.

Ukaendelea. Kananga alikujibu mwalimu mmoja wa kike. Alikuandikia kwamba kwake hotuba haipewi alama darasani. Mwanafunzi anaichukua, anakwenda nayo sokoni au kwenye foleni ya maji, anaisoma mbele ya watu. Kisha anakaa chini, ananyamaza, na wale watu wanamweleza kwa maneno yao wenyewe walichosikia. Mwalimu yuko pembeni. Alama inatoka kwenye yale waliyosikia, hata kama karatasi inasema mengine.

Nilirukia hapo kama mtu aliyepewa mpira mbele ya goli. "Kwa hiyo sasa muuzisha tomati njo profesa?"

"Apana, papa. Muuzisha tomati njo mwenye tunaongelesha."

Jibu zuri. Leo naliona zuri. Siku ile niliona tu kwamba mtoto amenijibu kwa sentensi fupi kuliko yangu. Nikaanza. Nilikueleza mji mkuu ni nini, maktaba ni nini, kwamba mtu anayetaka kuelewa madaraka hukaa karibu nayo kama mpishi anavyokaa karibu na moto. Nilitaja mamlaka, historia, Wagiriki, sijui nani. Nilizungumza na wewe kama ninavyozungumza pale kwenye kona ya soko, kwenye lile bunge letu la kusimama, ambapo muuza magazeti anayatandika chini na sisi tunasoma vichwa vya habari bila kununua, kisha tunabishana mpaka jua linatutoa jasho. Pale kuna sheria moja: anayenyamaza kwanza ameshindwa. Nimeshinda mara nyingi pale. Nilisahau kwamba kwenye meza ya bukari hakuna wa kupiga makofi.

Wewe ukasema, polepole: "Papa, weye unapenda kushinda. Miye napenda kuyua kama bantu balisikia."

Na mimi nikasema neno lile.

"Basi enda kwenu! Enda ku bandugu ya mama yako, bale bakusikie!"

Unajua kilichofuata, kwa hiyo sitakieleza, isipokuwa kitu kimoja ambacho labda hukukiona kwa sababu ulikuwa umeinamisha kichwa. Mama yako alichukua sahani yake, ikiwa bado imejaa, akaipeleka jikoni, na akaiosha pamoja na chakula. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akimwaga chakula.

Sasa nikuambie habari ya neno lile, maana ulizaliwa likiwa limeshazeeka. Mimi nilikuwa sekondari miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa katika jimbo letu la Katanga. Babu yako, baba yangu, alikuwa mtu wa reli, Mkatanga wa kaskazini, na nyumba yetu haikuwa mbali na stesheni. Niliona watu wakiishi pale wakingojea mabehewa, wakiwa na milango ya nyumba zao waliyoing'oa wenyewe, na cherehani, na picha za arusi zikiwa kwenye vioo. Kwa wengi wao huko walikopelekwa kulikuwa jina tu kwenye kitambulisho. Baba zao au babu zao waliletwa hapa kufanya kazi ya mgodi na reli, bega kwa bega na babu zangu. Bibi yako Ngalula, mama wa mama yako, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Lubumbashi. Jirani aliyekuwa akiazima kwake kinu alisimama mlangoni akamwambia: "Endeni kwenu." Mama yako alikuwa mtoto, alisikia. Anasema bibi aliuliza, bila hasira, kwa mshangao tu: "Kwetu njo wapi?" Kisha akapanda treni kwenda Kananga, mji wa Kasai ambao hakuwahi kuuona, akaanza kuuza mikate, na huko ndiko alikozikwa. Mama yako alirudi alipokuwa msichana mkubwa. Nilipomwoa, ndugu zangu wawili hawakuja arusini. Nikakuita wewe jina la mama yake.

Kabla ya mawe kulikuwa na maneno. Hilo nimeliandika magazetini na kulisema redioni mara nyingi kuliko jambo lingine lolote. Nimegombana na mapadri, wabunge, wakuu wangu wa shule. Kuna watu hadi leo wakiniona wanavuka barabara. Niliringa kwa hilo. Nilijiona mtu ambaye neno lile haliwezi kumtoka mdomoni, kama vile mtu aliyechanjwa asivyoogopa ugonjwa. Na siku nilipokosa jiwe, ndilo lililokuwa karibu zaidi na mkono.

Usidhani lilitoka kwa sababu sikuamini chuo chako. Mabishano yangu yote kuhusu maktaba yalikuwa nguo, mwili ulikuwa mwingine. Niliogopa treni. Niliogopa utapanda njia ileile aliyopanda bibi yako, utapita Kamina, utapita vituo ambako baadhi ya wenzake walizikwa kando ya reli, na ukifika huko utawasikia wazee wakieleza upande wao, na utatazama picha ya baba yako na kuona Mkatanga. Kinshasa ni mbali na hesabu hiyo. Kinshasa ungekuwa mtoto wa Lubumbashi tu. Huo ndio ukweli, na ningeusema mezani kwa sentensi moja, "Ngalula, naogopa," tungemaliza bukari ikiwa moto. Lakini mtu wa mabishano hufundishwa kutafuta hoja, na woga si hoja, kwa hiyo huuvika suti.

Mjomba wako Mukendi alikuja kesho yake. Hukuwepo, ulikuwa chuoni kuomba matokeo yako. Alifunga duka lake la mabati mchana kweupe, nikajua ni jambo zito, maana mtu yule hafungi hata kwa Pasaka. Aliketi, akakataa bia. Akaniita shemeji kwa Kifaransa, kama kawaida yake:

"Beau-frère, mama yangu balimufukuza mara moja. Weye unamufukuza mara ya pili, na hii mara iko paka mu nyumba yako, unamulisha na kumuvalisha!"

"Ni hasira, Mukendi. Na yule mutoto haiko mama yako, ni jina tu."

"Jina tu? Basi weka jina yako hapa chini niikanyage, tuone."

Nilimwambia kwamba maneno ya mezani hupita kama upepo. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Weye mwenye kuandika mu gazeti asema maneno njo inabomoa inchi! Kumbe inabomoa paka inchi ya wengine? Ya kwako inakuwa upepo?"

Nikakaa kimya, na ukumbuke sheria ya bunge la kusimama.

Ndipo akasema kilichomleta. Kwa watu wa mama yako, na tukisema kweli hata kwa watu wangu, mzazi akimtupia mtoto neno baya na mtoto yuko kwenye safari, neno lile linabaki njiani mbele yake mpaka aliyelisema alirudishe. Halirudishwi kwa kuomba radhi chumbani. Linarudishwa alfajiri, mlangoni, mbele ya ndugu wa mama: mzazi anajaza maji mdomoni, anayatema chini upande huu na upande ule, na mjomba anampaka mtoto chokaa nyeupe kwenye paji la uso. Bila hivyo mfuko haufungwi.

Nilikataa. Unajua nilichoandika kuhusu mambo hayo. Makala ile ilinifanya nipendwe na walimu wa fizikia na nichukiwe na shangazi zangu wote. Nilimwambia Mukendi kwamba sitatema maji kama mganga ili kurekebisha sentensi. Nilimpa historia ya imani. Alinisikiliza hadi mwisho, mtu mwenye subira, kisha akasimama akavaa kofia.

"Unaongea muzuri, beau-frère. Miye nitakuya siku ya treni na mayi yangu. Weye utaangalia kama uko na mudomo ao hauna."

Nilibaki na ushindi wangu sebuleni. Unajua ushindi wa namna hiyo una ladha gani? Niliuonja kabla, kwenye habari ya mgodi wa Kambove. Nimekusimulia habari ya Kambove kama kisa cha ushujaa, sasa nikusimulie mwisho wake. Wachimbaji wadogo walikuwa wanavutana na wenye kilima cha madini ili waachiwe upande mmoja wachimbe. Mimi nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki. Niliandika makala ya moto, nikawaita wenye kilima majina ambayo hata sasa nayaona yameundwa vizuri. Redio iliisoma asubuhi na jioni. Watu walinipigia simu kunipongeza. Baadaye nilikutana na mmoja wa wachimbaji hao hapa sokoni, kijana mwembamba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Papa Mwalimu! Article yako ilikuwa muzuri sana. Tulicheka! Tuliirudilia usiku muzima."

"Na kisha?"

"Kisha? Kisha bakatufukuza. Tulikuwa karibu kusikilizana. Bale baliposikia redio, balisema habawezi tena kukaa na shiye ku meza moya."

Hakuwa amekasirika. Alinishukuru tena. Ndiyo maana kisa hiki sikuwahi kukimalizia mbele yako: hakuna mtu aliyenilaumu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Kila neno katika makala ile lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeandika ili wapinzani waumie, na wakaumia, na walipoumia ni wachimbaji waliobeba majembe wakaondoka. Nisingeituma kama kabla ya hapo ningeisoma mbele ya wale vijana na kuwauliza: mmesikia nini, na wale wa upande wa pili watasikia nini? Mwalimu wako wa Kananga angenipa sifuri, na angekuwa na haki.

Kwa kukumbuka hayo ndipo nilipoanza kukisogelea chuo chako, kwa mzunguko, kama mtu anayerudi nyumbani alikokosana na watu. Juzi, baada ya mama yako kukataa kufunga mfuko, nikaamua kujaribu ule ufundi wao. Nilitaka kuuvunja, nakuambia ukweli. Nilitaka kuthibitisha kwamba watu wakieleza kwa maneno yao wanaharibu kila kitu. Mama yako alikuwa anachambua matembele. Nikamuuliza:

"Siku ile ku meza nilisema nini?"

"Unayua."

"Nakuuliza weye. Kwa maneno yako."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Ulisema miye na mutoto tuko bageni. Ulisema nyumba ni yako, muji ni yako, na siye tuliikala humu paka sababu ulituachilia. Na siku hautatupenda tena, treni iko."

"Sikusema vile!"

"Uliniuliza kile nilisikia."

Ngalula, nilifungua mdomo. Nilikuwa na hoja angalau nne. Nilizitafuta zote, na zote zilikuwa zinaeleza nilichokusudia, na hakuna hata moja iliyogusa alichosikia. Nikachukua rundo la matembele nikakaa karibu naye, nikachambua vibaya, akayachambua tena. Hapo nikajua kwamba nitatema maji.

Sijaanza kuamini kwamba maji yanasafisha njia ya reli. Usiende kuwaambia walimu wa fizikia. Ni kwamba nimefikiri juu ya mtu aliyebuni desturi ile, zamani, bila chuo, na nimeona alikuwa anajua mawasiliano ya siasa kuliko mimi. Alijua kwamba neno lililosemwa mbele ya watu lisirudishwe kwa siri. Alijua kwamba upande uliojeruhiwa lazima uwepo na uone. Na zaidi ya yote alijua namna ya watu kama mimi, ambao tukipewa nafasi ya kuomba radhi tunaigeuza hotuba. Kwa hiyo alitujaza maji mdomoni.

Sasa kuhusu kuchagua. Jana uliniuliza tena, ukiwa mlangoni, kwa ile sauti unayotumia ukidhani nimelala: "Papa, unasema kweli niende wapi? Ukisema Kinshasa, nitangoja." Nilijifanya sijasikia. Niliogopa mambo mawili: kwamba ungenitii, na kwamba nisingejua kama umenitii kwa sababu nimekushawishi au kwa sababu nimekuumiza. Mtoto aliyeambiwa "enda kwenu" hawezi kuchagua chuo kwa uhuru. Akienda, amefukuzwa. Akibaki, ameomba hifadhi. Nilikunyang'anya vyuo vyote viwili kwa pumzi moja, na nilikuwa nadai kutetea kimoja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na utalisoma kwenye treni au utalisoma usiku huu ukarudisha tikiti, ni wewe. Swali ulilowauliza lilikuwa swali sahihi, na aliyelijibu ni mmoja. Ningeishia hapo kama ningekuwa wewe. Bado naona maktaba yao ni ndogo. Sitakufa nikikubali jambo lote. Utahitaji vitabu, nami ninavyo, vimeandikwa pembeni kwa hasira zangu, uvisome pamoja na hasira hizo na ubishane nazo. Nimeviweka chini kabisa ya mfuko, chini ya samaki, msamehe mama yako harufu.

Siku moja atakuja mtu mwenye suti kukwambia una kipaji, akuchukue uwe sauti ya fulani. Atakuja hata Kananga, hao wana pua. Sitakwambia umkatae. Kuna watu wazuri wanaohitaji sauti, na mimi kwa kukataa wote nimebaki na usafi ambao haukumjengea mtu hata choo. Ila kabla ya kumjibu, mwombe akusikilize, kisha umuulize amesikia nini. Utajua.

Na huko utawasikia wazee. Nilisema niliogopa hilo. Bado naogopa, lakini nataka uwasikilize. Usinitetee. Usiwaambie baba yangu hakuwa hivyo. Baadhi ya watu wangu walikuwa hivyo, na mimi nilikuwa hivyo kwa muda wa sentensi moja, kwenye meza yangu, kwa mtoto wangu. Kaa chini, nyamaza, waeleze kwa maneno yako ulichosikia, mpaka waseme ndiyo, hivyo. Ukipata nafasi nenda kwenye kaburi la bibi yako. Mpelekee mkate. Mwambie mkwe wake, ambaye kwa adabu ya ukwe hakuwahi kumwangalia usoni, amemkosea kupitia kwako, na amerudisha.

Mukendi ameshafika, atalala kwetu mpaka alfajiri, namsikia anawatania jikoni. Anauliza kwa sauti kubwa, ili nisikie, kama kuna kikombe cha kutosha mdomo wangu au walete ndoo. Watu wanacheka. Nimecheka na mimi, na mama yako amechungulia kuona kama ni kweli.

Kesho alfajiri utatoka chumbani utakuta mjomba wako mlangoni na chokaa yake, mama yako pembeni, na baba yako amesimama mashavu yamevimba kama mpiga tarumbeta. Usicheke, au cheka, vyovyote. Nitakuwa na mengi ya kusema na sitaweza kusema hata moja. Hiyo ndiyo zawadi yangu. Nitakapotema, neno lile litakwenda chini pamoja na maji, na yatakayobaki ni haya: Kananga ni kwenu, na hapa ni kwenu, na hakuna mwenye kinywa anayeweza kukupa kimoja kwa kukunyima kingine, hata mimi.

Kisha mama yako atafunga mfuko, na mimi nitaubeba hadi stesheni.

Ukifika, usiniandikie kwanza habari za chumba wala chakula. Hizo mwandikie mama yako. Mimi niandikie nimesema nini katika barua hii. Usinukuu, eleza kwa maneno yako ulichosikia. Nitakaa hapa, kwenye kiti hiki, nimenyamaza, nikingojea alama zangu.

Baba yako